Ukiomba madawati, uwe umeyahesabu yaliyovunjika

Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya serikali hapa Manispaa ya Morogoro hadi nilipostaafu. Siku hizi wanaonifuata nyumbani ni wenyeviti wa kamati za shule na walimu wakuu wapya, na swali lao ni lilelile: "Shikamoo mwalimu, hivi kampuni tunaiombaje?" Jibu langu huwaudhi. Nawauliza mna madawati mangapi yanayokaliwa, mangapi yamevunjika lakini yanatengenezeka, mangapi ni ya kuni. Wengi hawajui. Wamekuja na barua inayosema "shule yetu inakabiliwa na changamoto mbalimbali za miundombinu", na barua ya namna hiyo kila meneja wa tawi anayo mezani, tena si moja.

Kwa hiyo tuanze na hesabu, maana humo ndimo ombi linamopatia nguvu.

Chukua shule yenye wanafunzi 864, wasichana 440 na wavulana 424. Kwa shule ya msingi dawati moja hukaliwa na watoto 3, basi yanatakiwa 288. Mtume mwalimu wa vifaa azunguke madarasani pamoja na fundi seremala. Asiende peke yake: mwalimu ataona dawati bovu, fundi ataona linalodai mguu mmoja na ubao wa kukalia tu. Tuseme wakute mazima 210 na yanayotengenezeka 41. Upungufu ni 78, lakini mapya mnayohitaji ni 37 tu. Hapo mna ombi la kueleweka: madawati 37 mapya, na mbao, misumari, vyuma na ufundi wa kurudisha 41 darasani. Linganisha na ile "tunaomba madawati 100" iliyokisiwa kikaoni huku watu wanatazama saa.

Kampuni zitavutiwa na yale mapya kwa sababu yanapigwa picha. Matengenezo hayana sura. Nilichokuwa nafanya ni kuomba mafundi wafanye kazi hapohapo shuleni, na kupiga picha ya rundo la mabovu nyuma ya darasa, kisha picha ya darasa lilelile watoto wamekaa. Ofisa mawasiliano wa kampuni akipata picha mbili za namna hiyo, hana tena haja ya dawati jipya lenye nailoni.

Vyoo navyo vina kipimo chake: tundu 1 kwa wasichana 20, tundu 1 kwa wavulana 25. Shule yetu ya mfano inahitaji matundu 22 ya wasichana na 17 ya wavulana, jumla 39. Kama yapo 16, pengo ni 23, na hakuna kampuni ya kawaida itakayoyajenga yote kwa mkupuo. Omba 6 ya wasichana yenye maji, chumba cha kujisitiri na kichomea taka za taulo. Matundu 6 yenye maji yanatumika. Matundu 12 makavu, baada ya muhula mmoja, watoto wanakwenda kichakani na wewe unafunga kufuli.

Kuna swali moja ambalo meneja atauliza, nalo ni la haki: "Mwalimu, si elimu ni bila malipo?" Msijibu kwa kunung'unika, jibuni kwa namba. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Kati ya hizo, 6,000 zililetwa shuleni na 4,000 zikabaki kununulia vitabu. Zidisha 6,000 kwa wanafunzi 864, ni shilingi 5,184,000 kwa mwaka mzima: karatasi, chaki, mitihani, vitasa, ankara ya maji ya MORUWASA. Meneja anayejua bei ya bati hahitaji kuelezwa zaidi, ataona mwenyewe kwamba humo hamna choo. Serikali hujenga madarasa na vyoo kwa fungu lingine, lakini hilo huja kwa zamu, na zamu ya shule yako inaweza kuwa mbali.

Nani aombwe, na lini

Watu hukimbilia majina makubwa ya Dar es Salaam. Mimi nawaambia waanze na mzunguko wa kutembea kwa miguu kutoka getini: mashine ya kusaga, kituo cha mafuta, duka la vifaa vya ujenzi, karakana ya mbao, mwenye mabasi. Hawa wana watoto, au wajukuu, au wafanyakazi wenye watoto darasani kwenu. Hawana idara ya misaada, wala fomu. Atakachotoa ni mifuko 20 ya saruji au fundi wake kwa wiki moja, na mwakani bado yupo palepale.

Kisha nendeni kwenye matawi ya benki. NMB, kwa mfano, imekuwa ikitangaza kwamba hutenga asilimia 1 ya faida baada ya kodi kwa ajili ya jamii, na wanachotoa mara nyingi ni madawati, mabati na vifaa vya hospitali. Meneja wa tawi hapitishi mwenyewe. Anaipeleka barua kanda, na kanda wanataka kuona kitu kinachohesabika. Ukiandika "mabati 108 ya geji 28 kwa madarasa mawili", umemfanyia meneja nusu ya kazi.

Shule iliyo karibu na mgodi, kama Geita, Kahama au Tarime, inaomba kwa njia nyingine kabisa. Tangu Sheria ya Madini irekebishwe mwaka 2017, mwenye leseni ya uchimbaji anatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Kumwandikia meneja wa mgodi barua nzuri Novemba hakusaidii kama choo chenu hakimo kwenye mpango. Mtu wenu wa kumfuata ni diwani, na mtendaji wa kijiji, kabla vipaumbele havijaorodheshwa. Hakikisheni muhtasari wa mkutano wa kijiji unaitaja shule kwa jina na kwa idadi.

Kuhusu muda: kampuni nyingi hufunga hesabu Desemba, na bajeti ya mwaka unaofuata hupikwa kati ya Septemba na Novemba. Barua inayofika Januari, wakati ambapo kila shule inaandikisha darasa la kwanza na kushtuka, hukuta fedha zimeshapewa kazi. Pelekeni Agosti. Serikali yenyewe huanza mwaka wake Julai, kwa hiyo msichanganye kalenda hizo mbili.

Barua yenyewe

Ukurasa mmoja, kitu kimoja. Ninaowasaidia nawapa mfano huu wabadilishe namba:

"Kamati ya Shule, katika kikao chake cha tarehe fulani, imeazimia kuiomba kampuni yako isaidie ujenzi wa matundu 6 ya choo cha wasichana, chumba cha kujisitiri na simtanki ya lita 5,000. Shule ina wasichana 440 na matundu 9. Kwa kiwango cha tundu 1 kwa wasichana 20 yanatakiwa 22. Wazazi wameshachimba shimo na kusomba mawe na mchanga. Makadirio ya mhandisi wa halmashauri yameambatishwa. Maji yatalipiwa na shule, usafi utasimamiwa na mwalimu wa afya, na koki zikiharibika zitabadilishwa na Kamati. Tunaomba jibu, hata likiwa la hapana, kabla ya tarehe fulani."

Sentensi kuhusu koki ndiyo wanayoiruka watu, na ndiyo iliyonipatia misaada miwili mitatu mbele ya shule kubwa kuliko yangu. Kampuni imeshaona matangi yake yakikaa matupu kwa ajili ya koki moja. Inataka kujua nani atainunua.

Sentensi kuhusu shimo nayo isiwe ya uongo. Nguvu za wazazi zianze kabla ya barua, zikisimamiwa na Kamati pamoja na serikali ya mtaa, kwa hiari. Mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu baba yake hakuleta ndoo ya mchanga.

Barua isainiwe na mwalimu mkuu na mwenyekiti, iwe na kumbukumbu namba, ipite kwa Afisa Elimu Kata hadi kwa Mkurugenzi wa halmashauri, na iambatane na muhtasari wa kikao. Najua njia hiyo ni ndefu. Lakini kampuni yenye mhasibu makini itapiga simu halmashauri kuuliza, na hapo Mkurugenzi asisikie habari zenu kwa mara ya kwanza. Mchakato ukienda vizuri, ofisi yake ndiyo itakayomtuma mhandisi bure.

Fedha taslimu zisipite kwenye simu ya mtu. Si ya mwalimu mkuu, si ya mwenyekiti, hata kama meneja mwenyewe anasema "nikurushie tu hapa mwalimu, mambo yaishe". Ziingie akaunti ya shule na zionekane kwenye mfumo wa fedha wa shule. Vifaa vikija, kamati ya mapokezi ivihesabu, iandike hati ya kupokelea, storini viingie kwenye leja. Mabati 108 yakipokelewa 104, andika 104, na dereva asaini. Utaonekana mgumu siku hiyo, na mkaguzi akija utalala usingizi.

Chakula ni somo la peke yake

Hapa ndipo msaada wenye nia njema unapoweza kuiacha shule pabaya kuliko ulivyoikuta. Kampuni inaleta magunia 10 ya unga wa kilo 50. Watu wanapiga makofi. Sasa piga hesabu: ukikadiria gramu 50 za unga kwa kikombe cha uji, watoto 864 wanakunywa kilo 43.2 kwa siku. Kilo 500 zinaisha siku ya kumi na mbili. Mwaka wa masomo una siku 194, kwa hiyo uji wa mwaka mzima ni zaidi ya tani 8. Wakati huohuo wazazi waliokuwa wakileta mahindi wamesikia kwamba kampuni inalisha shule, na wameacha. Siku ya kumi na tatu huna kampuni, huna mahindi.

Ninachoshauri ni kuiacha nafaka mikononi mwa wazazi na kuiomba kampuni vile ambavyo mzazi hawezi kuvigawana kwa debe: stoo isiyoingiza panya, sufuria kubwa, meza ya kukaushia vikombe, simtanki jikoni, mashine ya kupimia uzito. Kiwanda cha unga kikitaka kutoa bidhaa yake, kiombe kisage mahindi ya wazazi bila malipo na kuyaongezea virutubishi, mwaka mzima. Kwake gharama ni ndogo na kwenu ni uji wenye madini ya chuma.

Siku hizi majiko ya gesi yanatolewa sana, kwa kuwa serikali imeelekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa. Jiko pokeeni. Ila kabla ya kusaini, ulizeni mtungi wa pili unajazwa na nani, kwa shilingi ngapi, na unadumu siku ngapi kwa idadi yenu. Kama jibu halipo, ombeni wapime hapohapo kwa wiki moja ya kupika. Nimeona majiko yanayong'aa yakitumika kama meza ya kukatia mboga, na kuni zikiwaka nyuma ya jengo.

Taulo za kike nitazipitia haraka. Bei yake inawabana wazazi. Kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa 2018 na kurudishwa mwaka uliofuata, na dukani wengi hatukuona tofauti. Kampuni zinapenda kuleta maboksi siku moja kwa mwaka. Pokeeni, lakini yafungiwe kwa mwalimu wa kike awe anayatoa kidogokidogo kwa anayepatwa na dharura, badala ya kuwapanga wasichana mstari mbele ya wavulana na wapiga picha. Chumba cha kujisitiri chenye maji kitamsaidia msichana siku nyingi kuliko boksi.

Wa kukataliwa

Wapo. Hapa Morogoro tuna viwanda vya kusindika tumbaku, na mzazi anayefanya kazi humo ni mzazi kama wengine, aje asombe mawe na wenzake. Lakini jina la kampuni ya sigara ukutani mwa shule ya msingi, hapana. Tanzania iliridhia mwaka 2007 mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, na miongozo ya mkataba huo inahesabu misaada ya namna hiyo kuwa ni njia ya kujitangaza. Bia ni vilevile. Kampuni za kubashiri mechi zimekuwa watoaji wakubwa miaka ya karibuni, na vijana wetu wa darasa la sita wanajua mikeka kuliko jedwali la kuzidisha. Nawaambia wenyeviti wasiguse, ingawa si wote wanaonisikiliza.

Kwa kampuni nyingine, nembo ndogo kwenye ubavu wa dawati au kwenye tangi haina neno. Kwenye sare ya mtoto haikubaliki. Sampuli za soda, pipi na tambi za pakiti zirudi na gari lililozileta. Na mkiulizwa orodha ya simu za wazazi "kwa ajili ya taarifa", jibu ni hapana. Tangu 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na taarifa za mtoto zinahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi. Picha pia. Nilikuwa naandaa fomu ya ridhaa mwezi mmoja kabla, na mtoto ambaye mzazi wake hakusaini alikuwa na kazi maalumu siku hiyo, mbali na kamera, asijisikie ametengwa.

Yatima na watoto wa kaya maskini wakipewa viatu au sare, uchaguzi ufanyike kimya: walimu wa madarasa, afisa ustawi wa jamii, na orodha ya kaya za mtaa zinazosaidiwa na TASAF, mfuko wa serikali wa kaya maskini. Wakabidhiwe ofisini, mmoja mmoja au na mlezi. Ofisa wa kampuni akisisitiza kuwasimamisha jukwaani, mwambie atangaze idadi, na sare zenyewe zipigwe picha zikiwa zimekunjwa mezani.

Siku ya makabidhiano

Gharama ya shughuli ni ya kampuni. Turubai, maji, spika, chakula cha wageni, hata mafuta ya gari la mgeni rasmi: viandikwe mapema kwamba havitoki kwenye ruzuku. Ianze saa 4 asubuhi, iishe kabla ya saa 6. Watoto wasipangwe juani tangu saa 2 wakimngoja mtu aliye barabarani. Chagueni darasa moja liwakilishe, mengine yasome, na Septemba darasa la saba lisiguswe kabisa.

Kuna kampuni moja, jina naliacha, ilikuja na hundi ya mfano ndefu kuliko mtoto aliyeishika. Tulipiga makofi, tukaimba. Fedha zenyewe zilifika muhula mwingine, na wazazi walikuwa wameshaanza kuuliza zimeliwa na nani. Tangu hapo nilisaini hati ya makabidhiano kwa kilichopo mbele ya macho tu, na ahadi niliiandika kwenye karatasi nyingine yenye tarehe.

Wafanyakazi wa kampuni wakitaka kujitolea, kupaka rangi au kusoma na watoto, wakaribisheni. Mgeni asikae na mtoto peke yake chumbani, asibadilishane naye namba, asimpe zawadi ya siri. Nilikuwa nawasomea masharti hayo wote, mkurugenzi na dereva, na hakuna aliyekasirika. Wakiuliza waandike nini ukutani, waambieni waandike namba 116, ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, kwa herufi kubwa, mahali mtoto anapopita bila kuonekana anaisoma. Nyuma ya mlango wa choo panafaa sana.

Aliye upande wa kampuni akisoma hapa, nina moja kwake. Kabla ya kuja shuleni kwangu na rangi, angalia wafanyakazi wako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya siku 84, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na anaporudi kazini, hadi saa 2 za kunyonyesha kila siku. Baba ana siku 3. Mtoto wa mfagizi wako huachwa mikononi mwa dada yake wa miaka kumi, na dada huyo ndiye ambaye rejista ya shule huonyesha hayupo.

Baada ya wageni kuondoka

Miezi mitatu baadaye, pelekeni ripoti ya ukurasa mmoja bila kuombwa. Madawati mangapi yapo, mangapi yameshalegea, koki ngapi zimebadilishwa na kwa shilingi ngapi, na risiti. Andikeni na baya: kama paa linavuja, sema linavuja na mnafanya nini. Miezi sita tena, nyingine. Ofisa mliyezoeana naye atahamishwa, wanahamishwa kila mara, na mrithi wake atakachokikuta kuhusu ninyi ni karatasi hizo.

Nakala moja iende kwa Afisa Elimu Kata, moja kwa Kamati, na moja ibaki kwenye faili la kampuni hiyo, pamoja na barua, makadirio, hati ya kupokelea na fomu za ridhaa. Faili likae ofisini, si nyumbani kwa mwalimu mkuu. Ukihamishwa, liorodheshwe kwenye hati ya makabidhiano ya ofisi kama dawati lolote lile.